Mume wangu aliumia barabara ya Awasi. Nimchukue wakili wa Nairobi au wa hapa kwetu?

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi nauza mchele katika soko la Ahero na mume wangu ni fundi wa mawe. Mwezi wa Machi mwaka huu alikuwa na kazi ya ujenzi Muhoroni. Jioni moja akapanda matatu kurudi nyumbani, na kati ya Chemelil na Awasi gari likagonga trekta la miwa kwa nyuma. Trekta lilikuwa limesimama barabarani gizani, halina taa wala reflekta, na dereva wa matatu naye, kwa maneno ya abiria waliokaa mbele, alikuwa akienda kasi ya kutisha. Mume wangu alivunjika paja la kulia na mkono. Alitiwa vyuma katika hospitali moja ya Kisumu. Sasa anatembea kwa magongo, na fundi mwenye magongo hapandi jukwaa.

Akiwa bado wodini alikuja kijana mmoja nadhifu, ana mkoba, akasema ametumwa na wakili na kwamba sisi hatutatoa hata shilingi. Mume wangu alikuwa na maumivu, dawa zimemlewesha, akatia kidole gumba kwenye karatasi ambazo hakuna aliyetusomea. Kijana akaacha Sh2,000 za chai na akaondoka na nakala yetu ya abstrakti ya polisi, ile karatasi ya kituo inayoeleza ajali. Siku hizi simu yake inaita tu, haishikwi. Jina la wakili mwenyewe hatulijui.

Shemeji yangu aliye Nairobi amesikia hayo na amekasirika. Anasema mawakili wa huku wote wamenunuliwa na kampuni za bima, tumpe kesi wakili mmoja wa Nairobi anayemfahamu. Huyo anataka Sh30,000 za kuanzia, halafu asilimia 40 ya fidia ikitoka. Jirani yetu naye alimchukua wakili wa Kisumu baada ya kugongwa na gari dogo. Kesi yake iliisha kwa mgao wa lawama wa nusu kwa nusu bila yeye kuulizwa, kwa hiyo siwezi kusema shemeji anakosea.

Juzi mwenye matatu alikuja nyumbani na mzee wa mtaa. Alikuwa mpole. Alisema kosa ni la trekta, lakini kwa utu wake atatupa Sh80,000, tuandikiane mbele ya chifu tuyamalize. Nilipokwenda kituoni kuomba abstrakti nyingine, nikaona imeandikwa matatu peke yake. Trekta halimo. Askari aliyefika usiku ule amehamishwa.

Mama, watoto wetu ni watatu na mkubwa yuko sekondari. Sh80,000 ni pesa nyingi kwangu leo. Nifanye nini? Je, kile kidole gumba kimetufunga? Na kama ni wakili, ni yupi, na tutamlipa na nini?

Mke wa Fundi, Ahero

JIBU

Marahaba, mwanangu. Mpe mgonjwa pole zangu, na wewe pia pole sana, kwa sababu najua ni nani anayebeba nyumba hiyo tangu Machi.

Mtafute wakili wa huku, mwenye ofisi Kisumu au karibu zaidi, ambaye madai ya ajali ndiyo kazi yake ya kila siku, na umchague wewe na mume wako baada ya kuketi naye uso kwa uso. Asiwe yule aliyewafuata wodini, na asiwe yule wa shemeji. Mimi nilikuwa karani wa mahakama hadi nilipostaafu. Majalada ya ajali yamepita mikononi mwangu mengi, na nimeona yaliyoshinda na yaliyokufa. Mengi yaliyokufa hayakufa kwa sababu mdai hakuumia. Yalikufa kwa sababu hakuna aliyekwenda kutafuta ushahidi ungali mbichi.

Ndiyo maana katika barua yako yote, jambo lililonishtua kuliko mengine ni trekta kukosekana kwenye abstrakti.

Mume wako alikuwa abiria. Hakushika usukani wa matatu na hakuliacha trekta gizani. Sheria inamruhusu kuwashtaki wenye magari yote mawili katika kesi moja, hakimu ndiye aamue nani alikosa na kwa kiasi gani. Mkienda na karatasi yenye gari moja mtamshtaki mtu mmoja, na utetezi wake wote utakuwa kumtupia lawama mtu ambaye hayuko mahakamani. Tayari ameshaanza, si amekwambia kosa ni la trekta? Hakimu akija kuamini kwamba kosa lote lilikuwa huko, kesi inatupwa na huenda mkatakiwa kulipa gharama za upande wa pili. Kufikia wakati huo muda wa kumshtaki mwenye trekta unaweza kuwa umekwisha.

Sasa niambie, wakili aliye ghorofani Nairobi atalipataje trekta la Chemelil? Sisemi vibaya juu ya mawakili wa Nairobi, wengine ni magwiji. Lakini trekta hilo lina mwenyewe, na huyo ni mkulima au mkandarasi wa kubeba miwa anayejulikana njia hiyo yote. Wapo vijana waliopakia miwa siku ile. Wapo watu wanaoishi kando ya barabara waliotoka mbio waliposikia kishindo na kusaidia kuwatoa abiria. Matrekta yanapofikisha miwa kiwandani hupimwa kwenye mizani na kuandikwa. Karani wa wakili wa huku hupanda boda boda asubuhi, akazungumza na watu hao kwa Dholuo au kwa Kiswahili cha kwetu, na jioni akarudi na namba ya trekta pamoja na majina mawili matatu ya mashahidi. Namba ikipatikana, wakili huomba rekodi ya umiliki kutoka NTSA, mamlaka inayosajili magari, kisha anarudi kituoni kuomba abstrakti irekebishwe kulingana na yaliyo katika kitabu cha matukio na faili ya uchunguzi.

Askari kuhamishwa kusikutishe. Faili ni ya kituo, si ya askari. Mchoro wa mahali pa ajali ukiwa ulichorwa utakuwa humo, na mahakama ina uwezo wa kumwita askari huyo kutoka alikohamia, au afisa mwingine alete rekodi hizo. Ila lazima pawe na mtu wa kwenda kituoni, aambiwe arudi kesho, na kesho arudi. Mtu huyo aulizie pia kama dereva wa matatu alishtakiwa kwa makosa ya trafiki na kesi hiyo imefika wapi. Dereva akipatikana na hatia ya kuendesha ovyo, na rufaa haipo, hukumu hiyo inaingia kwenye kesi yenu ya fidia kama ushahidi mzito mno.

Kuna na suala la mahakama yenyewe. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai inataka kesi ya namna hii ifunguliwe mahali tukio lilipotokea, au mdaiwa anapoishi au kufanyia kazi. Watu hudhani kwa kuwa kampuni ya bima ina makao makuu Nairobi basi kesi ni ya Nairobi. Anayeshtakiwa kwanza ni mwenye gari na dereva wake, bima inalipa baada ya hukumu. Kwa hiyo kesi yenu ni ya huku, Nyando au Kisumu. Wakili wa mbali atafanya nini siku ya kusikilizwa? Ama atasafiri na gharama hiyo itawarudia ninyi, ama atampigia simu wakili wa huku amshikie kesi. Nimeziona kesi nyingi za kushikiwa hivyo. Wakili anaingia mahakamani na jalada alilokabidhiwa dakika chache kabla, hajui mdai alivunjika mguu upi, na kitu pekee anachoweza kuomba ni tarehe nyingine.

Ni kweli mambo yamebadilika. Tangu 2020 kesi nyingi hutajwa kwa video, na nyaraka hufunguliwa kwa intaneti bila mtu kupanga foleni kwenye kaunta. Kutajwa kwa kesi, sawa, wakili anaweza kuwa popote. Lakini siku mume wako atakaposimama kueleza jinsi alivyoumia, nataka awe amekaa na wakili wake kabla, si mara moja, wakapitia maelezo yake pole pole. Nataka wakili awe amemwona akishuka ngazi kwa magongo. Fundi wa mawe anayeshtuliwa na maswali makali ya wakili wa bima hujibu kwa woga, na woga ukiandikwa kwenye rekodi unasomeka kama uongo.

Halafu kuna mapato yake, na hapa ndipo watu wa kazi za mikono wanapopunjwa. Mume wako hana hati ya mshahara. Wakili asiyejua maisha ya huku ataandika tu kwamba mdai ni kibarua, ayaache hapo. Anayejua atamwita mwenye jengo la Muhoroni aje aseme alikuwa anamlipa fundi huyu kiasi gani kwa siku. Atachapisha taarifa za M-Pesa za miezi kabla ya ajali. Atamwita fundi mwenzake aeleze kwamba kazi ya mawe haifanywi kwa mguu mmoja. Hayo yote yakikosekana, mahakama mara nyingi hurudi kwenye kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na serikali, na tofauti yake kwa mtu aliyepoteza kazi ya miaka ni kubwa.

Gharama ulizokwisha kutumia hutajwa moja moja katika hati ya madai na kuthibitishwa kwa risiti. Hakimu hawezi kukupa pesa ya dawa kwa kukuonea huruma. Kwa hiyo kusanya risiti za hospitali, za magongo, za picha za eksirei, za gari la kumpeleka kliniki. Ujumbe wa M-Pesa uliolipia vitu hivyo usiufute. Na vyuma vile vya paja, mwulize daktari kama vitatolewa baadaye. Kama vitatolewa, gharama yake lazima iandikwe kwenye ripoti ya daktari na idaiwe sasa, maana hukumu ikishatoka hamtarudi mahakamani kudai upasuaji mliousahau. Wakili wa huku anawajua madaktari wa Kisumu wanaoandika ripoti za majeraha na wanaokubali kuja kuzitetea. Kampuni ya bima nayo itataka apimwe na daktari wake. Aende, asigome, ila wakili ajue tarehe na aipate ripoti hiyo.

Sasa kidole gumba. Hakijawafunga. Mteja ana haki ya kubadilisha wakili. Kama kesi haijafunguliwa, mtamwandikia barua ya kumwachisha kazi. Kama imefunguliwa, wakili mpya atawasilisha mahakamani notisi ya kubadilisha wakili. Ugumu huja hukumu ikishatolewa, kwa sababu hapo kubadilisha kunahitaji ruhusa ya mahakama au makubaliano ya mawakili wote wawili. Ndiyo maana nataka mfanye haraka kujua kama tayari kuna kesi kwa jina la mume wako. Nenda kwenye masjala ya mahakama ya Nyando, kisha ya Kisumu, ukiwa na kitambulisho chake, uombe jina litafutwe. Nimeona watu wakigundua kwamba kesi yao ilifunguliwa, ikaamuliwa na fidia ikalipwa, wao wakiwa nyumbani wanangoja kupigiwa simu. Linaniuma mpaka leo. Kwenda kuwanasia mawakili wateja kwa malipo ni kosa kisheria, na mtu anayetembea wodini kuwatia wagonjwa vidole anajua hilo vizuri. Wakili mwenye heshima zake hamtumi.

Kuhusu Sh80,000. Najua karo, na sitakwambia kwamba pesa hiyo ni kidogo. Lakini mwenye matatu hajaja na msaada, amekuja na karatasi ya kutia sahihi, na karatasi hiyo ndiyo anayoinunua. Mkiandikiana kwamba mmelipwa na mmeyamaliza, wakili wake ataipeleka mahakamani, na hata kama mtapata njia ya kuipinga mtakuwa mmejifungia mlango wenyewe. Kampuni ya bima nayo hufanya hivyo hivyo kwa hati yake, ile mawakili huiita dischaji, ambayo ukishaitia sahihi umesema huna dai tena. Kama mwenye gari ana utu kweli, akubali kulipa bili ya hospitali au karo bila karatasi yoyote ya kumaliza mambo. Mwambie hivyo mbele ya mzee wa mtaa. Jibu atakalotoa litakuonyesha kilichomleta. Na anajua jambo ambalo wewe hukuambiwa, kwamba matatu yake kwa lazima ina bima ya kufidia abiria. Fidia ya kweli haitoki mfukoni mwake. Sura ya 405 ya sheria zetu, ile ya bima ya magari, inailazimisha kampuni ya bima kulipa hukumu, hadi Sh3 milioni kwa mtu mmoja. Kinachozidi hapo hudaiwa kwa mwenye gari mwenyewe. Kwa hiyo yeyote atakayewaahidi milioni kumi za bima kwa paja moja anawachezea akili.

Sheria hiyo hiyo inataka kampuni ya bima ipewe notisi ya kesi, kabla haijafunguliwa au ndani ya muda mfupi baada ya kufunguliwa. Wakili mzembe husahau. Siku bima inapokataa kulipa na mnalazimika kuifungulia kesi ya pili ya kuilazimisha, kitu cha kwanza itakachouliza ni hiyo notisi. Kwa hiyo omba nakala yake, uiweke nyumbani.

Wasiwasi wa shemeji kwamba mawakili wa huku wamenunuliwa siupuuzi, na kisa cha jirani yako nakiamini. Katika mji kama Kisumu, mawakili wanaoshika kesi za ajali wanajuana, na wengine wao hupokea kazi kutoka kampuni za bima. Hilo peke yake si wizi. Lakini wakili hawezi kuwatetea ninyi huku akiihudumia kampuni ile ile iliyoikatia matatu bima. Siku ya kwanza ofisini, mpe jina la kampuni, ambalo abstrakti inatakiwa kulionyesha, umwulize waziwazi kama anaifanyia kazi. Akijikanyaga, toka. Pili, mwandikie barua fupi, nakala moja akugongee mhuri, kwamba hakuna mapatano yoyote ya mgao wa lawama wala ya kiasi cha fidia yatakayofanywa bila sahihi ya mume wako. Jirani yako hakuwa na barua hiyo. Abiria kukubali nusu ya lawama ni jambo la ajabu, nami sioni sababu yoyote mume wako akubali hata robo, labda waseme hakufunga mkanda ambao ulikuwepo kwenye kiti.

Na faida kubwa kuliko zote ya wakili wa karibu kwangu mimi ni hii: unaweza kwenda. Ukitoka sokoni unapanda gari, unafika ofisini kwake, unasema nataka kuona faili yetu. Ukiona karani anakuzungusha unakaa kwenye benchi mpaka wakili atoke. Mahakama iko karibu, kwa hiyo akikwambia kesi iliahirishwa unaweza kwenda masjala kuuliza kama ni kweli. Wa Nairobi akizima simu, wewe wa Ahero utafanya nini?

Malipo. Ile asilimia 40 shemeji akae nayo. Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, haitambui mapatano ya wakili kulipwa endapo tu atashinda, wala ya yeye kununua sehemu ya fidia yako. Mnachoruhusiwa ni kuandikiana ada, na kuna kanuni zinazoeleza namna ada za mawakili zinavyokadiriwa. Mkishinda, mahakama kwa kawaida humwamuru aliyeshindwa alipe gharama zenu pia, juu ya fidia. Mawakili wengi wa ajali huku hukubali kuanza bila kudai ada kubwa mkononi, wakijua malipo yao yatapatikana mwisho. Hapo uliza ni nani atakayelipa ripoti ya daktari, rekodi ya NTSA na ada ya kufungua kesi, na iandikwe. Fidia ikilipwa, kwa kawaida hundi huenda kwa wakili. Anatakiwa kuiweka kwenye akaunti ya wateja, si yake, na kukupa hesabu ya maandishi ya kilichoingia, kilichokatwa na kwa nini. Kabla ya yote hayo hakikisha ana cheti cha mwaka huu cha kufanya kazi ya uwakili. Vyeti hivyo huisha kila Desemba, na Chama cha Mawakili, LSK, kina orodha ya walio navyo kwenye tovuti yake. Mtoto wako wa sekondari atakutafutia. Ukikosa kabisa uwezo, iko Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 kwa ajili ya watu wasioweza kumlipa wakili.

Muda wenu wa kufungua kesi ni miaka 3 tangu ajali. Usiuhesabu kama wa kulala, kwa sababu mashahidi huhama na trekta huuzwa. Na ikitokea kwamba moja ya magari hayo ni mali ya serikali, muda ni miezi 12 tu, jambo jingine la kumharakisha wakili athibitishe umiliki mapema. Fidia ikikadiriwa kuwa haizidi Sh1 milioni, mwulize kuhusu Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza Nairobi mwaka 2021 na kuenea hadi miji kama Kisumu na Nakuru. Sheria yake inataka hukumu itoke ndani ya siku 60. Sidhani jeraha la mume wako lifae kuminywa ili liingie humo, lakini hiyo ni tathmini ya wakili akiwa na ripoti ya daktari mbele yake. Wasomaji wengine walioandika kuhusu kuumia kazini, kwa mfano kuanguka kutoka jukwaani au kukatwa na mashine, njia yenu si hii. Madai hayo huenda kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini chini ya sheria ya 2007, na nitayajibu peke yake.

Wiki hii, basi, kabla hata ya wakili, fanya mawili. Nenda masjala kama nilivyosema. Kisha mwombe mume wako, au mtu aliyekuwa naye kwenye matatu, aandike kila anachokumbuka kuhusu usiku ule: rangi ya trekta, tela zilikuwa ngapi, nani aliwatoa, simu za nani zilipiga picha. Picha za ajali siku hizi huwa kwenye simu ya mtu fulani, na mtu huyo akibadilisha simu zimekwenda. Zungumza na mawakili wawili au watatu kabla ya kuchagua, na yule atakayekuuliza kwanza kuhusu mashahidi kabla ya kukuuliza kuhusu pesa, huyo msikilize zaidi.

Naye shemeji msimtupe. Ana hasira kwa sababu anampenda ndugu yake, na kuna kazi inayomfaa huko aliko. Tume ya Malalamiko Dhidi ya Mawakili iko Nairobi na inapokea malalamiko ya maandishi. Mwandikieni maelezo ya yule kijana wa wodini, tarehe, namba yake ya simu na ujumbe wowote aliotuma, mume wako atie sahihi yake, si kidole, na shemeji ayafikishe. Jina la wakili likijulikana kutoka masjala, liongezwe.

Mama Mshauri